Mbio za magari zije na huku kwetu

Mhariri,

Kila msimu mpya ukikaribia, madereva wetu hutangaza magari na mipango yao, nasi wa Migori na Homa Bay hubaki kusoma magazetini tu. Tangu Safari Rally irejee kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, vumbi ni la Naivasha. Haya, wawe nayo. Lakini raundi moja ya ubingwa wa taifa yatutosha: kuna barabara za moramu katika mashamba ya miwa Awendo, na udongo mweusi wa Bonde la Lambwe, ambao ukinyeshewa hunasa hata trekta. Karan Patel, bingwa wa Afrika 2022 na 2023, angetokwa jasho. Waandaaji na kaunti zetu mbili waketi mapema, kabla ratiba haijafungwa.

Msomaji,
Rongo