Neno Moja, Kazi Nyingi

Watoto wengi wanaojifunza Kiingereza hudhani ya kuwa kila neno la lugha hiyo lina neno moja la Kiswahili lililo sawa nalo, kama kila kufuli ilivyo na ufunguo wake. Kwa hiyo huandika maneno safu mbili katika daftari na kuyakariri usiku na mchana, na mwenye orodha ndefu kuliko wenzake hujiona ndiye mwenye elimu. Dhana hiyo si kweli, nayo huwapotezea watoto jasho lao bure.

Lichukuliwe neno dogo "run". Mtoto huambiwa siku ya kwanza kwamba maana yake ni kukimbia, na kweli ndivyo. Lakini Waingereza hulitumia neno hilohilo kwa mto unaotiririka, kwa pua inayotoka kamasi, kwa mashine inayofanya kazi, na kwa nguo mpya inayochuja rangi. Hulitumia pia kwa mtu anayeendesha duka, na kwa anayegombea kiti cha Bunge. Likifuatwa na maneno mawili, "out of", humhusu mpishi aliyeishiwa na chumvi. Basi mtoto aliyeshika maana moja tu, akisoma habari za mgonjwa wa mafua, atasema kwamba pua ya mtu huyo inakimbia. Darasa litacheka, naye hataona kosa lake, maana orodha yake haikumwambia zaidi.

James Murray alianza kazi ya kuhariri kamusi kubwa ya Oxford mwaka 1879. Alifariki mwaka 1915 kabla haijaisha, nayo ikakamilika mwaka 1928. Katika toleo la pili, la mwaka 1989, neno "set" lilipewa maana zaidi ya 400. Kisha mwaka 2011 ikatangazwa kwamba wahariri wa kamusi hiyo, walipolichunguza upya neno "run", walihesabu maana 645 za kitenzi hicho peke yake.

Tena maneno hayo si marefu wala magumu. Ni mafupi, ya kila siku. Sababu yake ni nyepesi. Kitu kipya kinapotokea, watu hushika neno lililo karibu, kama mkulima ashikavyo jembe lililo mlangoni. Mashine zilipovumbuliwa, Waingereza waliona mwendo wake usiokoma, wakaupa neno walilokuwa wakiupa mto tangu zamani.

Wako wasemao kwamba Kiingereza ni lugha ya vurugu. Hao wamesahau neno "piga". Mswahili hupiga ngoma, hupiga hodi, hupiga pasi, hupiga mbizi, hupiga picha, hupiga kura, hupiga simu. Mgeni aliyefundishwa kwamba kupiga ni kuchapa kwa fimbo atashangaa sana akiambiwa kwamba waumini wamepiga magoti kanisani. Lugha zote mbili zina tabia hiyo, wala si aibu kwa hata moja.

Haisemwi hapa kwamba orodha haifai kabisa. Humsaidia anayeanza kujua majina ya vitu: meza, dirisha, ng'ombe. Lakini vitenzi vidogo havifungiki katika safu mbili. Maana yake hujulikana kwa majirani zake: ni nani atendaye, ni kitu gani kinachotendwa, na ni neno gani linalofuata. Mwanafunzi mwenye busara huliandika neno ndani ya sentensi nzima, na akilikuta tena mahali pengine huongeza sentensi ya pili, kisha ya tatu.

Mwanafunzi ajuaye maneno matano kwa namna hiyo ni bora kuliko mwenzake aliyekariri mia. Yule wa mia huyahesabu tu. Huyu wa matano husoma kitabu akaelewa, na husema akaeleweka.