Ufupi wa pumzi: watumishi wa Shabunda wanahitaji nini kwetu?

Tangu Goma ilipotekwa mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari mwaka huo huo, habari za Kivu zimekuwa za vita na za mazungumzo ya amani. Shabunda hutajwa mara chache. Lakini teritori hii ni kubwa kuliko zote za Kivu ya Kusini: ina zaidi ya kilomita za mraba 25,000, karibu sawa na nchi nzima ya Rwanda. Barabara ya Bukavu inayopita Burhale na Kigulube ina zaidi ya kilomita 300 za matope na madaraja mabovu, na kwa miaka mingi dawa, chumvi, sabuni na hata daftari za shule zilifika kwa ndege ndogo kutoka Kavumu. Uwanja wa Kavumu ulipotekwa tarehe 14 Februari 2025, mlango huo nao ukafungwa. Benki za Bukavu zilifunga, na mishahara iliyopitia huko ikapotelea njiani.

Katika hali hiyo wako watu ambao kazi yao haiwezi kungoja: muuguzi wa zamu ya usiku, mkunga, mwalimu mwenye watoto wengi darasani, mchungaji anayezika leo na kubariki ndoa kesho. Wengi wao ni washirika wa makanisa yetu, na vituo vya afya na shule wanamofanya kazi mara nyingi ni vya makanisa yetu. Wanasema hawalali. Wanasema kichwa kimejaa mawazo, mkono unatetemeka wakati wa kuchoma sindano, wanasoma mstari mmoja wa rejista mara tatu bila kuelewa. Siku hizi katika semina nyingi wanafundishwa jambo moja: kupumua polepole. Washirika wanatuuliza kama jambo hilo ni jema. Tunajibu kwamba ni jema, ila ni mwanzo tu, na kanisa lisilipokee kama mwisho.

Mazoezi yenyewe

Mtu mwenye hofu hupumua haraka na kwa kifua cha juu. Moyo hukimbia, misuli hukaza, akili hutafuta hatari tu. Mwili umeumbwa hivyo ili tuweze kukimbia au kujitetea, lakini hofu ikikaa miezi, mtu hawezi tena kushika kazi iliyo mbele yake. Moyo hatuwezi kuuamuru upunguze mwendo. Pumzi tunaweza kuiongoza, na tunapotoa pumzi polepole moyo nao hupunguza mwendo.

Keti, nyayo zote mbili zikiwa chini. Weka mkono tumboni. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, tumbo lijae. Toa polepole ukihesabu hadi sita. Hizo ni pumzi sita hivi kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia huvuta 12 hadi 20. Dakika tatu hadi tano zinatosha, kabla ya kufungua mlango wa wagonjwa au kabla ya kengele ya darasa. Kisha jiulize: kazi moja iliyo mbele yangu sasa ni ipi? Ifanye hiyo, halafu inayofuata.

Tahadhari ni chache. Ukisikia kizunguzungu, acha na upumue kama kawaida. Aliyepatwa na mambo mabaya asilazimishwe kufumba macho, kwa maana gizani kumbukumbu zinaweza kumrudia. Atazame kitu kilicho mbele yake, mti au ukuta. Na mtu anayewaza kujiua, au anayekunywa pombe ili alale, anahitaji mhudumu wa afya na mtu wa kukaa naye. Asiachwe peke yake na hesabu za pumzi.

Je, ni ibada ya kigeni?

Baadhi ya wazee wetu wanaogopa kwamba mazoezi haya yanaleta dini nyingine kwa mlango wa nyuma. Ni vema kupima kila jambo. Katika zoezi hili hakuna jina linaloitwa, hakuna sanamu, hakuna maneno ya siri. Wanakwaya wetu wamelifanya kwa miaka mingi: kiongozi wa kwaya huwaambia wavute pumzi kwa tumbo na kuitoa kidogo kidogo ili sauti isikatike. Aliyetuumba alitupulizia pumzi, na kuitunza ni sehemu ya kuutunza mwili aliotupa. Anayependa, na aombe kimya huku akipumua.

Neno la Kiebrania linalotumiwa kwa pumzi, kwa upepo na kwa roho ni moja. Katika Kutoka 6:9, Musa anawaletea Waisraeli habari ya kuokolewa nao hawamsikilizi. Sababu iliyotajwa pale, tukiifasiri neno kwa neno, ni ufupi wa pumzi, pamoja na kazi ngumu. Walikuwa wamebanwa hata habari njema haikupata nafasi ya kuingia. Mchungaji anayehubiria watu waliochoka Shabunda anaijua hali hiyo.

Matofali bila majani

Lakini turudi sura moja nyuma, katika Kutoka 5. Farao aliwanyima watu majani ya kufyatulia matofali, akadai hesabu ile ile ya matofali. Ufupi wa pumzi yao ulikuwa na chanzo, na chanzo hicho kilikuwa na mwenyewe. Muuguzi asiyelipwa, asiye na glavu wala mtu wa kumpokea zamu, yuko katika tanuru hilo hilo. Tukimfundisha kupumua tu, tutakuwa tumemsaidia kufyatua matofali bila majani kwa utulivu zaidi.

Hata wataalamu hawakukusudia hivyo. Mpango mmoja wa Shirika la Afya Duniani ulijaribiwa Nairobi kwa wanawake 421 wenye dhiki ya moyo ambao wengi wao walikuwa wamepitia ukatili, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2017. Waliofundisha walikuwa wahudumu wa afya wa jamii, bila shahada ya saikolojia, na baada ya miezi mitatu wanawake waliofundishwa walikuwa na nafuu kuliko wenzao. Kupumua polepole kulikuwa hatua ya kwanza kati ya nne. Nyingine ni kulikabili tatizo moja linaloweza kutatuliwa, kurudia shughuli zilizoachwa, na kuimarisha msaada wa watu wa karibu. Uganda nako, katika kambi ya Rhino, wanawake karibu 700 wakimbizi wa Sudani Kusini walihusika katika jaribio la mafunzo mengine ya shirika hilo. Waliofundishwa walikutana kwa makundi mara tano, na walipata nafuu. Nao hawakukaa kila mmoja nyumbani kwake na pumzi yake.

Hatua tatu zilizobaki ni kazi ambayo kanisa la mahali linaweza kuifanya hata barabara ikiwa imekatika. Kwanza, mashemasi waandike ni watumishi gani hawajalipwa na kwa miezi mingapi, na viongozi wa jumuiya waipeleke orodha hiyo kwa wanaohusika, bila kuchoka. Kudai mshahara wa mtu si siasa chafu; Yakobo anasema wazi juu ya ujira uliozuiliwa. Pili, Yethro alipomwona Musa akihukumu watu toka asubuhi hata jioni, hakumwambia avumilie. Alimwambia agawe kazi. Mchungaji apewe siku moja ya kupumzika kila juma, wazee wakishika zamu. Kikundi cha akina mama kinaweza kupika chakula cha muuguzi wa usiku, na vijana kuchota maji ya kituo. Tatu, watumishi wakutane mara moja kwa juma, wapumue pamoja kwa dakika tano, waseme yaliyowalemea, waombe. Mahali hapo siri itunzwe, na asiyetaka kusema asilazimishwe.

Eliya alipolala chini ya mti akiomba afe, malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Maagizo ya kazi yalikuja baadaye, na pamoja nayo jina la Elisha, mtu wa kusaidiana naye. Ndugu zetu wa Shabunda wafundishwe kupumua, na tuwafundishe vizuri. Kisha tuwape mkate, usingizi na Elisha wao.