Mume na Mke Katika Mji wa Sinema

Mume na mke wakiisha kupata watoto, mazungumzo yao mara nyingi huwa ni ya ada ya shule, kodi ya nyumba na bomba linalovuja. Yale mengine, yaliyowafanya wapendane hapo kwanza, hukauka kidogo kidogo, wala hapana hata mmoja wao awezaye kuitaja siku yalipokauka. Jambo hili si la nchi moja. Linaonekana penye nyumba za udongo na penye majumba ya ghorofa vilevile.

Katika mji wa Los Angeles, jimbo la California, nchini Marekani, wakaa mume na mke waliooana miaka 11 iliyopita. Mume ni mwokaji mikate. Huondoka nyumbani saa 4 usiku na kurejea saa 1 asubuhi. Mkewe kazi yake ni kufua na kupiga pasi shuka za hoteli, naye hutoka saa 1 na nusu. Basi kwa siku nzima wana nusu saa ya kuonana, na nusu saa hiyo huliwa na kuwavisha watoto wawili viatu na kutafuta daftari lililopotea. Jioni bibi arudipo, bwana ndiyo kwanza aamka, na mara watoto wataka chakula. Yaliyobaki huandikiana katika karatasi iwekwayo chini ya bakuli la sukari mezani jikoni: Mtoto ana homa, dawa iko juu ya kabati. Fundi wa bomba aja Alhamisi. Kodi nimelipa.

Bibi huyo alikuwa akiweka akiba katika kopo, apate kununua mashine ya kufulia. Akina mama watamwelewa: mtu afuaye shuka za wageni mchana kutwa hapendi kurudi nyumbani akafue nguo za watoto kwa mikono. Ilikuwa katika fedha hizo bwana alipoomba wachukue za kwendea siku moja Universal Studios, bustani kubwa ya burudani za sinema iliyo kilimani kaskazini ya Hollywood. Kiingilio cha mtu mmoja kwa siku moja chazidi dola 100. Bibi alifikiri juma zima. Mwisho alikubali, si kwa kuwa alitamani kwenda, bali kwa kuwa alikumbuka kuwa mumewe hajamwomba kitu kwa miaka mingi.

Mahali penyewe pana historia yake. Carl Laemmle, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani akiwa kijana, ndiye aliyeufungua mji huo wa sinema tarehe 15 Machi, 1915, katika ardhi iliyokuwa shamba. Wakati huo sinema zilikuwa bubu, kwa hiyo aliweza kuwatoza watu senti 25 wakakaa kutazama picha zikipigwa, wakapiga makofi na kuzomea kadiri walivyotaka pasipo kuharibu kitu. Sinema zilipoanza kusema, kelele zao hazikustahimilika tena, wakafungiwa mlango. Mlango huo ulifunguliwa upya mwaka 1964 kwa namna nyingine, yaani wageni walipakiwa katika magari marefu yenye mabehewa na kuzungushwa uwanjani. Kutokana na mzunguko huo yakaongezwa maonyesho, michezo, maduka na migahawa, hata ikawa bustani nzima, na huku nyuma yake studio zaendelea kupiga picha kweli kweli.

Siku waliyoichagua ilikuwa Jumanne, kwa kuwa siku za kazi watu huwa wachache kidogo. Watoto waliachwa kwa bibi yao. Bwana alitoka kazini, akaoga, hakulala. Walipanda treni ya chini ya ardhi hadi kituo kilicho mguuni mwa kilima, wakachukua gari la bure lipandishalo wageni hadi langoni, na hivyo wakaepuka ada ya kuegesha gari, ambayo si ndogo. Bibi alikuwa amefungasha maji na karanga. Bwana alikuwa na karatasi mfukoni.

Karatasi hiyo ndiyo iliyoleta matata. Alikuwa ameorodhesha michezo yote, na mbele ya kila mmoja ameandika saa na dakika. Hesabu yake ilikuwa hii: fedha zimetoka nyingi, basi kila kitu kionwe, na kila kisichoonwa ni hasara. Fikira hiyo si ya mjinga. Ni fikira ya mtu ajuaye uchungu wa fedha. Walakini bustani hii imejengwa juu ya kungoja. Mchezo wa dakika tano waweza kungojewa saa nzima. Wenye fedha hununua tikiti ya gharama zaidi iwapitishayo njia ya mkato, na wasio nazo husimama. Njia ya tatu ipo, nayo haina malipo: foleni ya watu walio peke yao. Aingiaye humo hutumiwa kuziba kiti kitupu palipopungua mtu, akafika upesi, ila hana hiari ya kukaa na aliyekuja naye.

Bustani imegawanyika sehemu mbili, ya juu na ya chini, zilizounganishwa na ngazi za umeme ndefu zifuatanazo. Walianza chini, kama wafanyavyo wenye kuijua, kabla ya msongamano. Huko ndiko uliko mchezo wa dinosau uliofunguliwa mwaka 1996 na kufanywa upya mwaka 2019. Watu hupanda mashua, hupita kati ya wanyama wa bandia wangurumao, kisha mashua huporomoka kutoka kimo cha mita 25 hivi hadi majini, na wote hulowa. Ubao ulionyesha dakika 60. Foleni ya walio peke yao ilikuwa na watu kumi hivi.

"Tuingie hii," akasema bwana. "Tutaokoa saa nzima."

"Tutakaa mbalimbali," akasema mkewe.

"Ni dakika tano tu."

Bibi akasema yeye hatapanda, atamngoja. Bwana alidhani kuwa anaogopa, akaenda. Bibi akakaa bechini penye mlango wa kutokea na mfuko wake wa karanga, akitazama waume na wake wa watu wakitoka wamelowa, wakikamua nguo na kucheka. Penye mlango huo zipo picha. Kamera iliyofichwa humpiga kila mtu wakati mashua inapoporomoka, na picha huonyeshwa ukutani ili ainunue apendaye. Bwana alitoka akichuruzika maji, akamwonyesha mkewe yake kwa furaha: yeye amefumbua kinywa, kushoto mgeni, kulia mgeni.

"Tuinunue?"

"Ya nini? Mimi simo."

Neno hilo alilisema polepole, wala hakuongeza jingine. Yapo maneno ambayo mume hupenda zaidi yasemwe kwa sauti kubwa, apate kujibu. Hili hakupata la kulijibu. Walipanda ngazi za umeme, yeye mbele mkewe nyuma, karatasi imelowa mfukoni, na hadi saa 6 mchana hawakuwa wamesemezana ila habari za njia.

Hali yao ilikuwa hiyo walipopanda yale magari marefu ya kuzungukia studio, safari ya saa moja hivi, na ambayo kwa kweli ndiyo iliyo bora kuliko vyote vilivyomo humo. Gari hupita kati ya majumba makubwa yasiyo na madirisha ambamo sinema hupigwa, kisha huingia mitaani. Mitaa hiyo ni ya ajabu. Hapa ni kijiji cha Ulaya, pale uwanja wa mji mdogo wa Marekani wenye jumba la mahakama lililoonekana katika sinema ya mwaka 1985 ya kijana asafiriye nyuma katika wakati, na gari likizunguka upande wa pili yaonekana kwamba nyumba nyingi ni kuta za mbele tu, zimeegemezwa kwa mbao. Bibi alizitazama sana. "Milango mizuri hivi," akasema, "na jiko hakuna." Bwana akacheka, kisha akajikumbuka akanyamaza.

Katika mtaa mwingine maji mengi hushuka ghafla kutoka kilimani yakaelekea garini, kisha yakatoweka ardhini yarudishwe kwa wageni wafuatao. Papa wa bandia, aliyewekwa mwaka 1976 baada ya ile sinema ya Steven Spielberg ya mwaka uliotangulia, hujitokeza ziwani akionyesha meno. Ipo nyumba ya kilimani ya sinema ya kutisha ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1960. Lipo pia sokwe King Kong, ambaye wa kwanza aliteketea katika moto mkubwa uliozuka hapo tarehe 1 Juni, 2008, na badala yake mwaka 2010 likafunguliwa onyesho jipya la picha zitazamwazo kwa miwani maalum.

Kisha gari huingia katika jengo lililofanywa mfano wa kituo cha treni cha chini ya ardhi, likasimama. Onyesho hili lina umri tangu 1989. Sakafu hutikisika, taa huzimika, dari hupasuka, lori la mafuta huanguka kutoka barabara ya juu na kuwaka, maji hububujika ngazini. Ni tetemeko la ardhi. Abiria walipiga mayowe ya furaha. Bibi hakupiga yowe. Aliukamata mkono wa mumewe kwa nguvu, na gari lilipotoka juani alikuwa bado ameushika.

Bwana akamwuliza kulikoni. Ndipo alipomweleza habari ya tarehe 17 Januari, 1994. Saa 10 na nusu za alfajiri tetemeko lililopewa jina la Northridge liliupiga mji huo, likaua watu zaidi ya 50 na kuangusha majengo na madaraja ya barabara kuu. Yeye alikuwa mtoto wa miaka 8. Mama yake alikuwa kazini usiku huo, akisafisha maofisi, naye na mdogo wake walikuwa peke yao ndani ya nyumba. Walijificha chini ya meza ya jikoni katika giza, wakingoja, hadi mama alipofika kwa miguu jua limekwisha kuchomoza. Tangu siku hiyo, kila mtu wa nyumbani mwake awapo kazini usiku, yeye usingizi wake huwa nusu.

Miaka 11 amelala na kuamka na mtu huyo, bwana hakuwa akilijua jambo hilo. Hakuna karatasi ya chini ya bakuli la sukari ambayo ingeweza kulichukua.

Alasiri walikwenda kwenye ngome ya Harry Potter, sehemu iliyofunguliwa mwaka 2016, ambako madirisha ya maduka yamejaa vitu vya kichawi na kinauzwa kinywaji kitamu chenye povu kiitwacho bia, ingawa hakina kileo. Ubao ulisema dakika 70. Foleni ya walio peke yao ilikuwapo na haikuwa na watu. Bwana hakuiangalia, akaingia ile ndefu.

Ni katika dakika hizo 70, wakisogea hatua mbili na kusimama, wakipita kati ya picha za ukutani zisemazo, ndipo walipozungumza. Bibi alisema kuwa hotelini ametakiwa naye achukue zamu ya usiku, kwa kuwa ina nyongeza, naye alikuwa karibu kukubali kwa ajili ya ile mashine. Bwana akanyamaza kitambo, kisha akakiri kuwa miezi mitatu iliyopita mwenye kiwanda alimpa nafasi ya mchana, kuuza dukani na kuandaa unga, kwa mshahara uliopungua. Alikataa. Hakumwambia mkewe kwa kuwa alidhani atahuzunika kwa kupungua fedha.

Bibi alikasirika, na alikuwa na haki. Kumkinga mke na habari za nyumba yake mwenyewe si heshima, hata nia ikiwa njema. Alimwambia hivyo pale pale mbele ya wageni, kwa sauti ya chini. Kisha akauliza, "Umepungua kiasi gani?"

Bwana akatoa ile karatasi ya ratiba, iliyokwisha kukauka na kukunjamana, akaigeuza upande wa nyuma. Wakaazima kalamu kwa mzee aliyekuwa mbele yao. Wakaandika kodi, umeme, chakula, nauli. Wakaandika na fedha wampazo jirani alalaye na watoto bwana akiwa kazini, ambazo zamu ya mchana ingeziondoa. Pengo lilibaki, lakini halikuwa kubwa kama bwana alivyolihofia. Mashine ya kufulia ingechelewa mwaka mmoja, pengine na nusu. Walikuwa bado wakibishana juu ya nauli walipofika mbele, na kijana wa kazi akawahimiza wakae. Kiti hicho ni cha watu wanne, nacho hubebwa hewani na mkono wa chuma. Bibi alifumba macho toka mwanzo hadi mwisho, karatasi ameikunja ndani ya ngumi.

Katika ile orodha ya michezo walikuwa wameona minne tu. Waliondoka taa zikianza kuwashwa. Ndani ya treni bwana alilala kabla ya kituo cha pili, kichwa begani kwa mkewe, naye bibi akamaliza zile karanga huku akirudia hesabu ya nauli, ambayo aliona bwana ameikosea.

Saa 4 usiku bwana alikwenda kazini kama kawaida. Asubuhi bibi alipoingia jikoni aliitazama karatasi ya chini ya bakuli la sukari, akaona haikuandikwa kitu. Mumewe alikuwa amerudi mapema, amekaa mezani na unga bado mikononi, akimngoja amweleze kwa kinywa alivyojibiwa na mwenye kiwanda.