Kituo cha mayatima kinapoishi kwa mifuko ya wageni

Kati ya mwaka 2005 na 2010, vituo vya mayatima nchini Kambodia, huko kusini mashariki mwa Asia, viliongezeka kutoka 154 hadi 269. Katika miaka hiyo mitano hakukuwa na vita wala ugonjwa mpya ulioua wazazi kwa wingi. Kilichoongezeka ni watalii. Mwaka 2010 nchi hiyo ilipokea wageni wapatao milioni 2,5, wengi wao wakienda kuona mahekalu ya kale ya Angkor, karibu na mji wa Siem Reap.

Serikali ya Kambodia na UNICEF walipochunguza ni nani waliolala katika vituo hivyo, walikuta kwamba karibu watoto watatu kwa kila wanne walikuwa na mzazi aliye hai. Kwa maneno mengine, wengi wa hao "mayatima" hawakuwa yatima.

Namna biashara hiyo inavyofanyika si ngumu kuelewa kwa mtu aliyekulia kijijini Masisi au Kabare. Mtu wa kituo anafika kwa familia ya wakulima. Anaahidi chakula mara tatu kwa siku, shule na lugha ya Kiingereza. Mzazi hamuuzi mtoto wake, anamtafutia maisha. Mtoto akifika mjini anaandikwa kuwa yatima, na kuanzia hapo wageni wanaletwa kumuona. Katika vituo vingine vya Siem Reap watoto walikuwa wakicheza ngoma kila jioni mbele ya watalii. Wengine walitumwa usiku katika mtaa wa baa wakagawe vikaratasi vya kukaribisha wageni.

Mgeni anaguswa moyo, anatoa dola, anapiga picha na kurudi hotelini. Hesabu inaharibika hapo. Mtoto mwenye afya na nguo safi haleti pesa kama yule aliyekonda, na paa linalovuja lina faida kuliko paa zima. Mwenye kituo akimrudisha mtoto kwa mama yake, anapoteza mtaji. Ndiyo maana pesa za watu wenye huruma, watu wasiotaka kumuumiza yeyote, zinaweza kumweka mtoto mbali na nyumbani kwa miaka kumi.

Si vituo vyote viko hivyo. Wako watawa na wachungaji wanaolea watoto ambao kweli hawana mtu, na wanafanya kazi hiyo bila kamera. Lakini mgeni wa saa mbili hawezi kuwatofautisha na wafanyabiashara.

Congo inaijua hadithi hii kwa upande mwingine, ule wa kupanga watoto kwa wazazi wa kigeni. Kinshasa ilisimamisha vibali vya kutoka nchini kwa watoto hao tangu Septemba 2013, kwa sababu ya mashaka juu ya karatasi zao. Hata hivyo, mwaka 2015 kundi la watoto waliotolewa katika kituo kimoja cha Kinshasa lilifika Ubelgiji, wakapewa familia mpya kama mayatima. Uchunguzi wa vyombo vya sheria vya Ubelgiji ulionyesha baadaye kwamba baadhi yao walikuwa na baba na mama huko Gemena, kaskazini magharibi mwa nchi. Wazazi hao walikuwa wameambiwa kwamba watoto wanakwenda likizo.

Tofauti na Siem Reap ni kwamba kule mgeni anamfuata mtoto, na huku mtoto alipelekwa kwa mgeni. Kinachowaunganisha ni neno yatima, linaloandikwa kwenye karatasi mahali ambapo pesa inasubiri.

Mashariki mwa nchi, watalii wa gorila wa Virunga na wa volkano ya Nyiragongo wameadimika kwa sababu ya vita. Wageni lakini hawakosi. Kuna wafanyakazi wa mashirika ya misaada, wajumbe wa makanisa ya ng'ambo, na ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani wanaokuja likizo na masanduku ya nguo. Siku za Krismasi hata wenyeji hujipanga na biskuti, sabuni na telefoni, na picha za watoto wakipokea zawadi huwa zimekwisha kuzunguka kwenye WhatsApp kabla ya jua kutua. Mtoto haulizwi kama anakubali kuonekana. Mtoto wa yule anayepiga picha angeulizwa, au angalau mama yake angeulizwa.

Watu wa Goma hawana haja ya kufundishwa kwamba mtoto aliyepotezana na wazazi si yatima. Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021 na watu kukimbilia Sake na Gisenyi, mamia ya watoto walitengana na familia zao. Watu wa Msalaba Mwekundu na UNICEF waliandika majina, wakauliza mitaa, wakatafuta. Watoto wengi walirudi kwao. Kama kila mmoja angepelekwa kwenye kituo kinachosubiri wageni, ni nani angekuwa na haraka ya kumtafuta mama?

Kuna hatari nyingine, na hii haina huruma ndani yake. Mlango unaofunguliwa kwa kila mgeni unafunguliwa pia kwa yule mwenye nia mbaya. Nchini Kenya, Mwingereza mmoja aliyeendesha shirika la hisani huko Gilgil alihukumiwa kwao mwaka 2015 kifungo cha zaidi ya miaka 17 kwa kuwanajisi watoto, wakiwemo watoto wa barabarani. Mmisionari wa Marekani aliyefungua kituo cha mayatima katika kaunti ya Bomet alihukumiwa huko Marekani mwaka 2021 kifungo cha zaidi ya miaka 15. Wote wawili walikuja kama wafadhili, na kijiji kiliwaheshimu.

Hata hivyo, ni kosa kufikiri kwamba jambo hili ni la wazungu tu. Utafiti wa UNICEF na serikali ya Kenya, uliotolewa mwaka 2006 juu ya pwani ya nchi hiyo, ulikadiria kwamba wasichana kati ya 10.000 na 15.000 katika maeneo ya Mombasa, Kilifi, Malindi na Diani walikuwa wakitumiwa kingono kwa pesa. Walipohesabu wanaume wanaolipa, Wakenya wenyewe walikuwa kundi kubwa kuliko yote, asilimia 38, mbele ya Waitaliano na Wajerumani. Mtu anayesafiri kikazi kutoka mji hadi mji, mwenye pesa ya misheni mfukoni, naye ni msafiri.

Baadhi ya nchi zimechukua hatua. Kamati ya Bunge la Australia ilitambua mwaka 2017 kwamba kumtoa mtoto kwao ili kujaza kituo cha mayatima ni aina ya utumwa wa kisasa. Kambodia yenyewe ilianza mpango wa kurudisha sehemu ya watoto kwa familia zao. Rwanda, nchi ambayo wengi mashariki mwa Congo wana sababu za kutoisifu, ilihesabu watoto wake wa vituoni mwaka 2012, zaidi ya 3.000, kisha ikaanza kufunga vituo kimoja kimoja na kuwapeleka watoto kwa ndugu au familia za kuwalea.

Congo ina sheria ya 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka huohuo inasema wazi kwamba umaskini peke yake si sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi wake. Kinachokosekana ni watu wa kukagua. Mtumishi wa maendeleo ya jamii asiye na pikipiki wala mafuta atakagua vituo vingapi?

Wanaotetea ziara hizi wana swali moja la kweli: wageni wakiacha kuja, watoto walioko ndani watakula nini? Wakifungiwa pesa kwa siku moja, watalala njaa. Ndiyo maana mashirika yanayofanya kazi hii vizuri huanza kwa kuitafuta familia, halafu yanaielekeza pesa ileile huko: karo ya sekondari, mtaji mdogo wa mama sokoni, matibabu ya bibi anayelea wajukuu. Shule ya msingi ya serikali ilitangazwa kuwa bure tangu Septemba 2019, na jambo hilo limepunguza sababu moja ya kumpeleka mtoto kituoni, ingawa uniformu, daftari na michango mingine bado vinawashinda wengi.

Kwa mgeni anayetaka kutoa, uchunguzi unaanza na maswali ambayo kituo cha kweli hakiyaogopi. Ni watoto wangapi waliorudishwa kwao mwaka uliopita? Nani anajua wazazi wao walipo? Mbona mtu asiyejulikana anaruhusiwa kuingia mahali wanapolala?