Monita ya Gemu: Nyie Wawili Mnahitaji Inchi Ngapi?

Leo safu yetu inaingia kwenye kona moja ya nyumba ambayo siku hizi inazua maneno kwa vijana wengi: ile meza yenye kompyuta ya gemu.

Hali yenyewe unaijua. Mmekaa chini mkakubaliana, kompyuta ya mezani ya bei ya kati ikanunuliwa, si ya kifahari wala si kimeo. Wiki mbili hazijaisha, inakuja habari ya monita. Mmoja anataka ile kubwa kabisa iliyoko dukani. Mwingine anauliza, "Mume wangu, TV ya pili ya nini tena?" "Siyo TV mama, ni monita." Basi, usiku umeharibika. (Na wala usidhani wacheza gemu ni kina kaka tu. Wapo kina dada wanaowafunga waume zao mabao matano kwenye EA Sports FC, ile gemu iliyokuwa ikiitwa FIFA hadi 2023.)

Ninachotaka kuwaambia nyote wawili ni hiki: mnabishania inchi, wakati pesa yenu inaliwa na kitu kingine. Kitu hicho ni nukta.

INCHI NI ZA MEZA, NUKTA NI ZA KADI

Tuanze na inchi, maana ni rahisi. Ukubwa wa monita hupimwa kutoka kona moja hadi kona ya pili, mshazari. Kioo cha inchi 24 kina upana wa takriban sentimita 53. Cha inchi 27 kinafika 60, na cha inchi 32 ni kama 71. Chukua futi kamba uipime meza yenu kabla ya kwenda dukani. Pima pia umbali kutoka macho hadi kioo kitakapokaa. Wengi hukaa kati ya sentimita 60 na 80. Kwa umbali huo, inchi 32 itakufanya ugeuze shingo kama unaangalia tenisi.

Sasa nukta. Picha yoyote kwenye kioo imejengwa kwa vijinukta vidogo sana, na wingi wake ndio huitwa rezolusheni. Madukani utakutana na aina tatu. Ya kwanza ni Full HD au 1080p: nukta 1920 kwa 1080, jumla kama milioni 2.07. Ya pili ni QHD au 1440p, na wengine huiita 2K: 2560 kwa 1440, kama milioni 3.69. Ya tatu ni 4K: 3840 kwa 2160, yaani karibu milioni 8.3.

Umeona hapo? 4K ni mara nne ya Full HD. Na kila nukta ni lazima ikokotolewe na kadi ya picha iliyo ndani ya kompyuta, tena upya kwa kila picha, makumi ya mara kwa sekunde. Ni sawa na mpishi aliyezoea kupikia watu 20. Ukimletea 1440p, umemkaribishia wageni 36. Ukimletea 4K, wamefika 80 na jiko ni lile lile. Chakula kitapikwa, lakini kitachelewa. Kwenye gemu, kuchelewa huko ndiko kukwama-kwama kwa picha kunakomfanya mtu apige meza saa tano za usiku.

Na hapa ndipo nyumba inapoumia. Anayenunua 4K kwa kompyuta ya bei ya kati hajamaliza kununua. Baada ya miezi mitatu atasema kadi haitoshi. Kadi mpya itataka pawa saplai kubwa zaidi. Pesa iliyotengwa kwa kodi ya nyumba au kwa ada ya mtoto itaanza kutazamwa kwa jicho la tamaa. Wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo.

KWANZA, KADI YENU NI IPI?

Swali hili mliulize kabla ya lile la inchi. Kama mna RTX 3060, RTX 4060, RX 6600 au RX 7600, mna kadi ya 1080p. NVIDIA walipoitoa RTX 4060 mwaka 2023, na AMD walipoitoa RX 7600 mwaka huo huo, wenyewe walizinadi kwa 1080p. Mkiwa na RX 7700 XT, RX 9060 XT yenye kumbukumbu ya GB 16, au RTX 5060 Ti ya GB 16, hapo 1440p ni kiti chenu halali. Kadi yenye GB 8 inaweza kubanwa na gemu mpya nzito kadiri nukta zinavyoongezeka.

Gemu nazo zinatofautiana. Valorant na Counter-Strike 2 ni nyepesi, hata kadi ya 1080p inaweza kuzichezesha vizuri kwenye 1440p. Cyberpunk 2077 na Alan Wake 2 ni mizigo. Kwa mizigo ya namna hiyo kuna msaada: DLSS ya NVIDIA na FSR ya AMD. Hizi huiruhusu kadi ichore nukta chache, kisha programu ijazilize zilizobaki. Kwenye kioo cha 1440p, ukichagua kiwango cha "Quality", kadi huchora takriban 1707 kwa 960 tu, yaani pungufu ya 1080p. Ndiyo maana mwenye kadi ya kati anaweza kuinunua 1440p bila kukosa usingizi, mradi akubali kuwasha msaada huo na kupunguza mapambo kidogo.

NDOA YA INCHI NA NUKTA

Kama ilivyo kwa watu, kuna wanaoendana na wasioendana.

Inchi 24 na 1080p: Wanaendana. Kila inchi ina nukta 92, picha ni safi, kadi haichoki na bei ni ya chini. Kwa wanaoanza maisha, hii haina aibu hata kidogo.

Inchi 27 na 1080p: Hii ndiyo inayowaponza wengi, kwa sababu ni kubwa na ni rahisi. Nukta ni 82 tu kwa inchi. Ukiwa karibu, herufi zinaonyesha ngazi-ngazi. Kwa gemu utavumilia, lakini anayefanyia kazi za ofisi hapo atalalamika.

Inchi 27 na 1440p: Ndoa ya mfano. Nukta 109 kwa inchi, na ukikaa sentimita 80, jicho la kawaida haliwezi tena kuzitenganisha.

Inchi 32 na 1440p: Nukta 92 kwa inchi, sawa kabisa na ile ya 24. Inafaa kama meza ina kina cha kutosha na mnapenda kuangalia filamu pamoja mkiwa mmekaa nyuma kidogo.

4K ya inchi yoyote: Tamu sana kwa macho, lakini mwachieni mwenye kadi ya bei mbaya.

USISAHAU HEZI

Hezi ni mara ngapi kioo hubadilisha picha kwa sekunde. Kioo cha hezi 60 hubadilisha kila baada ya milisekunde 16.7. Cha hezi 144 hubadilisha kila baada ya 6.9. Kwenye mpira, mbio za magari na gemu za risasi, tofauti hiyo unaiona kwa macho. Hezi 144 hadi 180 zinatosha kabisa, za zaidi ya hapo kadi yenu haitaweza kuzijaza kwenye gemu nzito. Hakikisheni pia kioo kina FreeSync au G-Sync, ambayo hukifanya kiende na mwendo wa kadi hata fremu zikipanda na kushuka, ili picha isikatike katikati.

KIOO CHA WATU WAWILI

Jamani, monita ndani ya nyumba siyo ya mtu mmoja. Mchana yule mwingine anafungua Excel, usiku mnaangalia tamthilia. Kwa hiyo ulizeni haya pia.

Je, mtakiangalia mkiwa mmekaa upande kwa upande? Chukueni IPS, rangi zake hazibadiliki ukiangalia kutoka pembeni. VA ina weusi mzito unaopendeza chumba kikiwa na giza, ila pembeni hupauka kidogo. TN iacheni.

Je, mnatofautiana urefu? Tafuteni stendi inayopanda na kushuka, la sivyo mmoja wenu ataumwa shingo. Angalau kiwe na matundu ya VESA nyuma, ili mfunge mkono wa chuma baadaye.

Je, kitakaa chumbani? Basi zungumzeni mapema kuhusu mwanga na saa za kuzima. Mwenzio anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala hawezi kulala mbele ya inchi 27 zinazomulika milipuko.

SIKU YA KUNUNUA

Nendeni wote wawili. Mwambieni muuzaji akiwashe. Wekeni picha nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu, mtafute nukta zilizokufa. Ulizeni kebo iliyomo ndani ya boksi: HDMI 2.0 au DisplayPort inatosha kwa 1440p na hezi 144. Mkifika nyumbani, chomekeni kebo kwenye kadi ya picha yenyewe, siyo kwenye tundu la ubao mama. Halafu ingieni kwenye mipangilio ya Windows mpandishe hezi, kwa sababu mara nyingi huanza na 60. Wapo watu walionunua hezi 165 na wanaishi na 60 mwaka wa pili sasa.

Msimamo wangu ni huu: kadi ya 1080p na mfuko mwembamba, chukueni inchi 24, 1080p, hezi 144. Kadi ya kati iliyo juu kidogo, au mmoja wenu anafanyia kazi nyumbani, jibaneni mpate inchi 27 ya 1440p. Kioo kinaweza kukaa nanyi hata baada ya kubadilisha kadi mara mbili, hivyo hapo siyo pa kununua kwa hasira wala kwa siri. Risiti iliyofichwa kabatini ina tabia ya kuonekana siku mbaya.

Kaeni chini usiku mmoja, mtaje jina la kadi, kipimo cha meza na kiasi cha pesa ambacho hakigusi kodi wala chakula. Majibu hayo matatu yakikaa kwenye karatasi moja, ugomvi wa inchi utakuwa umekosa pa kusimamia.

Tukutane mwezi ujao. Mpendane.