Kifungu cha 9(c) na Wanaoikimbia Baridi

Tangu rasimu ya marekebisho ya katiba ya jumuiya yetu hapa Minnesota isambazwe kwenye kundi la WhatsApp, mazungumzo yamekuwa ya watu badala ya maneno. Nani kauza nyumba Brooklyn Park, nani kapata kiwanja nje ya Dallas, nani keshafungasha lakini bado anakaa safu ya mbele kikaoni. Hayo hayatusaidii. Kilicho mezani ni sentensi moja, kifungu cha 9(c), kinachosema kwamba mwanachama “atakayeacha makazi ya kudumu katika jimbo la Minnesota kwa zaidi ya siku 90 atahesabika kuwa amejitoa”, na aliyejitoa hana dai lolote kwenye mfuko wa kufa na kuzikana. Msimamo wa meza hii ni kwamba kifungu hicho, kama kilivyoandikwa, kisipite. Haki kwenye mfuko ipimwe kwa michango ya mtu, na si kwa anwani anayopokelea barua.

Kwanza tuelewane kwamba kuhama si usaliti. Wengi wa wanachama waanzilishi wanakaribia kustaafu au wamestaafu juzi, na sehemu kubwa yao wamemaliza miaka yao ya nguvu katika nyumba za kulea wazee: zamu za usiku, kunyanyua wagonjwa, kisha alfajiri kukwangua barafu kwenye kioo cha gari kabla ya safari ya kurudi nyumbani. Tarehe 30 Januari 2019 kipimajoto cha Minneapolis kilishuka hadi nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri. Hata Januari isiyo na rekodi yoyote, hatari kubwa kwa mtu wa umri huo ni ile barafu isiyoonekana juu ya lami. Akiteleza mara moja na kuvunjika nyonga, mpango mzima wa uzeeni umebadilika. Anayepiga hesabu hiyo akiwa na miaka 60, angali na nguvu za kufunga masanduku na kuujua mji mpya, anatumia akili. Anayengoja hadi 75 mara nyingi hahami, huhamishwa.

Waliotutolea methali ya mbachao na msala upitao kwenye kikao kilichopita wana neno moja la kusikilizwa, kwamba kila kwenye joto kuna yake. Mwaka 2023 Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo za joto la nyuzi 43 na zaidi, na Kaunti ya Maricopa ikahesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto mwaka huo. Februari 2021 mamilioni ya watu Texas walikatiwa umeme katikati ya baridi ambayo nyumba za huko hazikujengwa kuihimili, na jimbo lenyewe likataja waliokufa kuwa 246. Asheville, mji wa milimani wa North Carolina ambao wastaafu waliusifia kwa hewa yake ya wastani, ulipigwa na mafuriko ya Kimbunga Helene Septemba 2024 na kukaa siku 53 bila maji ya bomba yaliyo salama kunywa. Sisi tungeongeza la bima, kwa sababu ndilo linaloumiza wengi kimyakimya. Medicare huanza miaka 65. Mwenye miaka 62 na kipato kidogo hapa Minnesota anaweza kupata Medical Assistance, yaani Medicaid ya hapa, au MinnesotaCare. Texas haijapanua Medicaid, na mtu mzima asiye na ulemavu wala mtoto wa kulea kwa kawaida hapati kitu humo hata awe fukara wa kiasi gani. North Carolina ilipanua ya kwake Desemba 2023. Mambo haya yanafaa kujulikana kabla ya kusaini mkataba wa nyumba. Ila yote yanamhusu anayehama na familia yake. Mtu akichagua mji vibaya, hilo halimpi yeyote sababu ya kumfuta kwenye daftari.

Wapo pia wanaouliza kwa nini anayehama asirudi tu Nanyuki au Arusha, kwenye hewa nzuri na ndugu. Wengine watarudi, na heri yao. Lakini Medicare, ukiacha hali chache sana, hailipi hospitali za nje ya Marekani, na mwenye sukari na presha hawezi kulipuuza hilo. Isitoshe, kifungu cha 9(c) kinamfuta anayerudi Arusha sawasawa na anayekwenda Arizona, kwa hiyo wanaotoa ushauri huo na huku wanaunga mkono rasimu wangeisoma tena.

Sasa mfuko wenyewe. Nchi hii ina taratibu mbili ambazo wanachama wote wanazijua kwa uzoefu, na rasimu imezichanganya. Social Security inahesabu michango: ukifikisha pointi 40, yaani kama miaka kumi ya kazi, una haki ya mafao ya uzeeni. Aliyezaliwa 1960 au baadaye anayapata kamili akifika 67. Akiyachukua mapema akiwa na 62 anakatwa asilimia 30. Na katika hayo yote hakuna anayeuliza kama anakaa Duluth au Tucson. Medicaid ni kinyume chake. Inatolewa kwa mhitaji, inaendeshwa na kila jimbo kwa masharti yake, na sehemu ya fedha zake ni za jimbo hilo, ndiyo maana ukihama unaomba upya. Kila utaratibu una mantiki yake. Mfuko wetu haukuanzishwa kwa kodi ya Minnesota wala ruzuku ya mtu. Umejengwa kwa ada ya kila mwezi na nyongeza ya kila msiba, dola kwa dola, toka kwa watu walioahidiana kusafirishana nyumbani. Huo ni mfuko wa michango. Mwanachama aliyelipia misiba yote ya wenzake na hajawahi kudai hata senti ameshatimiza upande wake, na kumwambia leo kwamba kuishi Minnesota ndiko kulikuwa sharti ni kumwekea sharti ambalo halikuwamo aliposaini.

Hoja nzito ya Kamati ya Katiba, na hatuipuuzi, ni ya hesabu. Wanasema wanaohama ni wazee, wazee ndio wanaokufa, na mfuko utabaki ukilipia watu tusiowaona. Hoja hii ukiifuata mpaka mwisho inajikata yenyewe. Mwanachama wa miaka 64 aliyebaki Brooklyn Park ataugharimu mfuko kama mwenzake wa umri huo aliyehamia Charlotte. Mzigo unatokana na umri. Kama mfuko unaelemewa, na Mweka Hazina wetu amekuwa akilisema hili kila robo mwaka bila kusikilizwa, ni kwa sababu vijana hawajiungi. Tena kumfuta mzee aliyehama kunapunguza madai ya mwaka huu huku kukimfundisha mwenye miaka 40 kwamba hana sababu ya kuanza kuchangia, maana yeye naye siku moja ataichoka theluji. Upatu unaweza kuisha baada ya mzunguko mmoja na watu wakaagana salama. Mfuko wa kufa na kuzikana unasimama kwa imani kwamba anayelipa leo atalipiwa hata baada ya miaka thelathini. Kamati ikitaka kuuokoa kwa hesabu, ina njia: ada kubwa kidogo kwa anayejiunga amevuka miaka 55, au muda mrefu zaidi wa kungoja kabla ya kuwa na dai. Hizo ni sheria za umri, zinazogusa tatizo la umri.

Kinachotunyima usingizi hata hivyo ni maneno ya kifungu, na tunaomba msomaji avumilie. “Makazi ya kudumu” hayakufafanuliwa popote katika rasimu. Je, ni leseni ya udereva, ni fomu ya kodi, ni mahali unapopigia kura, au ni pale Katibu anapodhani unalala? Siku 90 zinaanza kuhesabiwa lini, siku ya kuuza nyumba, ya kupanda ndege, au ya jirani kutoa habari? Wapo wazee wetu wanaokwenda kwa watoto Arizona mwezi wa Novemba na kurudi Aprili, na wapo wanaokwenda Kisii au Moshi kwa Krismasi wakakaa mpaka mvua za masika. Wote hao wamepita siku 90. Tutaambiwa “makazi ya kudumu” hayawahusu. Labda, lakini atakayesema hivyo ni nani, na kwa karatasi gani, siku ambayo maiti iko mochwari na familia inangoja jibu? Neno “atahesabika” halina mtendaji. Halitaji barua ya taarifa, wala nafasi ya mwanachama kujieleza, wala rufaa kwa mkutano. Na hakuna kipengele cha mpito, hivyo waliokwishahama kwa kuamini katiba ya sasa wanaweza kuamka wamejitoa tangu mwaka juzi. Baya zaidi, michango inaingia kwa Zelle. Aliyehama miezi minane iliyopita bado anatuma ada yake kila tarehe mosi, na akaunti inaipokea bila swali. Chini ya 9(c) tutakuwa tunakula ada ya mtu ambaye vitabu vyetu vinasema si mwanachama, kisha akifariki tuwaoneshe watoto wake kifungu. Hakuna mwanasheria anayehitajika kueleza kesi hiyo ingeishia wapi.

Hoja ya mikono, kwamba aliye mbali hawezi kuhudumia msiba, tunaikubali nusu. Ni kweli msiba haubebwi na hundi peke yake. Kuna wanaopika, wanaokesha na wafiwa, wanaopokea wageni uwanja wa ndege, na aliye Tucson hawezi kufanya hayo kwetu, wala sisi kwake. Ni kweli pia kwamba kazi ya karatasi inabadilika. Hati ya kifo hutolewa na jimbo ambamo mtu amefia, kibali cha kusafirisha mwili hutafutwa hukohuko, na kampuni ya mazishi tuliyoizoea hapa haiwezi kutufanyia bei ileile mwili ukiwa maili elfu na mia kadhaa mbali. Lakini hilo linatibiwa kwa kutenganisha fedha na huduma. Aliyehama abaki na haki ya kiwango kilekile cha fedha ambacho familia ya hapa ingepata, gharama ya ziada ya umbali ibebwe na familia yake, na huduma ya mikono iwe ya wanaoishi karibu. Kwa mwaliko wa vikao, mchango wa chakula na zamu za ukumbi, masharti ya jimbo yana maana.

Tunapendekeza basi 9(c) isomeke hivi: “Mwanachama anayehama jimbo atabaki mwanachama wa mfuko maadamu ametoa taarifa ya maandishi ya anwani mpya ndani ya siku 90 na michango yake ni kamili, ila malipo kwa msiba wake hayatazidi kiwango cha msiba wa ndani ya jimbo. Hakuna atakayefutwa pasipo barua ya taarifa na siku 60 za kujieleza.” Siku 90 zinabaki, ila zinakuwa muda wa kutimiza wajibu. Waliokwishahama wapewe muda uleule, uanze kuhesabiwa siku ya kura.

Hayo yote ni bure kama ukumbi utakuwa kama ulivyokuwa mara ya mwisho. Mkutano ule uliahirishwa kwa kukosa akidi, na waliokuja baadaye kwa ajili ya pilau walikuwa wengi kuliko waliokuja kwa ajili ya katiba. Wangefika saa moja mapema, akidi ingetimia. Wengi hawajui kwamba ibara ya 14 inauruhusu mkutano uliorudiwa kuendelea kwa idadi yoyote itakayokuwapo, na kura ikapita kwa theluthi mbili ya hao. Watu kumi na wawili wakija, wanane wanatosha kuamua nani atasafirishwa na nani hatasafirishwa. Kidole gumba kwenye WhatsApp si kura. Ujumbe wa sauti wa dakika saba, hata uwe mtamu vipi, nao si kura. Asiyeweza kufika ajaze fomu ya uwakilishi, amtaje kwa jina kamili mwanachama atakayempigia, na fomu imfikie Katibu siku saba kabla ya mkutano. Zilizochelewa mara iliyopita zilikataliwa, na kwa katiba hii zilikataliwa kihalali.

Wanaopanga kuhama wasingoje matokeo. Andikeni barua kwa Katibu sasa, mkitaja anwani mpya, tarehe ya kuondoka na jina la mrithi, mwombe jibu la maandishi, na mhifadhi risiti za Zelle. Wasio raia wakumbuke kwamba idara ya uhamiaji nayo inataka taarifa ya anwani mpya ndani ya siku 10, kwa fomu AR-11. Wenye bima za Medicare Advantage wauarifu mpango wao mapema, kwa kuwa nafasi ya kubadili hufungwa miezi miwili kamili baada ya mwezi wa kuhama. Fomu za uwakilishi zinapatikana kwa wawakilishi wa kanda, na Katibu amekubali kuzipokea hata kwa picha ya simu, mradi sahihi isomeke.