Wakuu wa Shule Washike Chaki

Katika waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967, Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe aliwahi kufundisha Tabora na Pugu, alitaka shule iwe jumuiya ambamo walimu na wanafunzi wanafanya kazi pamoja. Jumuiya ya namna hiyo haiwezi kuongozwa na mtu anayeijua kwa kusoma mafaili tu. Hata hivyo zipo shule ambazo mwalimu akishapewa cheo cha ukuu huiaga chaki moja kwa moja, kana kwamba kufundisha ni adhabu ya wadogo. Hiyo ni kasumba, na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikwisha kuukemea ubwana wa viongozi.

Mkuu asiyeingia darasani hupanga ratiba asiyoionja. Hukagua maandalio ya masomo ya wenzake bila kuandika ya kwake. Huwalaumu kwa matokeo mabaya, na huku hajui kwamba watoto wanagombea kitabu kimoja, au kwamba waliokaa nyuma hawauoni ubao. Tena yafaa afundishe darasa la kwanza au la pili, ambako kusoma, kuandika na kuhesabu huanzia, wala asijichagulie darasa la mtihani ili apate sifa. (Wako wanaofanya hivyo, na wanajulikana.)

Ni kweli kazi za ofisi zimeongezeka. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya Serikali huingia katika akaunti ya shule yenyewe, na mwalimu mkuu wa shule ya msingi, ambaye mara nyingi hana karani wala mhasibu, ndiye anayeandika hesabu, anayejaza takwimu na anayepokea wageni. Lakini kinachoua vipindi zaidi ni vikao. Mkuu huitwa wilayani asubuhi, darasa lake likabaki na kiranja. Kumlazimisha afundishe bila kumpunguzia wito huo ni kuwadanganya watoto.

Kwa hiyo agizo lizibane pande zote mbili. Kila mkuu wa shule awe na vipindi visivyopungua sita kwa wiki, navyo vibandikwe katika ratiba pamoja na vya walimu wengine. Halmashauri nazo zipigwe marufuku kuwaita walimu wakuu kabla ya saa nane mchana, na Maofisa Elimu wa Kata wapangiwe somo katika shule mojawapo ya kata zao.